Programu Inakokota? Pima Kwanza Ndipo Ununue Memori

Najua wengi mnasoma mkiwa kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye mada.

Huku kwetu, kuanzia Shinyanga, Kahama hadi Geita, kila mtu anamjua jamaa aliyechimba duara kwa kusikia tu. Jirani kapata, naye akahamisha jembe, akakopa hela ya magogo na pampu, akashuka mita kumi na kitu, akakuta mwamba mkavu. Mwenzake aliyechukua sampuli kidogo akapeleka kupima, alijua mapema kwamba pale hapana kitu. Tofauti yao siyo bahati. Mmoja alipima, mwingine alibahatisha.

Sasa kwenye kompyuta tunafanya yale yale. Programu ya dukani ikianza kukokota, utasikia: "Hiyo ni virusi." Mwingine: "Ongeza memori." Wa tatu: "Mtandao huo, badilisha laini." Wote wanaongea kwa kujiamini na hakuna hata mmoja aliyepima. Hela ikitoka, inatoka ya mwenye duka, si yao.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja: kabla hujabadilisha chochote, jua muda unapotelea wapi. Na kwenye databezi jambo hilo linawezekana, halihitaji digrii. Mimi mwenyewe nimeishia sekondari.

DATABEZI NI NINI HASA?

Ni daftari kubwa ndani ya kompyuta lenye majedwali: mistari na safu. Wengine wanaita kanzidata, ni kitu hicho hicho. Unapotuma M-Pesa kuna databezi. Unapopelekwa zahanati, taarifa za MTUHA zikishajumlishwa zinaishia kwenye databezi. Programu ya mauzo pale dukani nayo ina databezi nyuma yake, mara nyingi MySQL au PostgreSQL, ambazo zote mbili unaweza kuzipata bure.

Programu inapotaka kitu inaiuliza databezi swali. Kwa mfano: "Mteja mwenye namba hii ya simu anadaiwa shilingi ngapi?" Databezi inatafuta, inajibu. Kukokota kwingi tunakokuona ni swali moja au mawili yanayojibiwa taratibu, siyo kompyuta nzima kuugua.

MUDA UNAKAA WAPI?

Waliosafiri Mwanza kwenda Geita kabla ya Juni 2025 wanaijua foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Basi linakimbia vizuri barabarani, likifika majini linasimama. Kama ungekuwa mwenye basi na abiria wanalalamika safari ni ndefu, ungenunua basi lenye injini kubwa zaidi? Lingefika kivukoni mapema, halafu likasimama palepale. Safari ilifupishwa na Daraja la JPM, la takriban kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025, kwa sababu liliondoa pale muda ulipokuwa unakaa.

Databezi ni hivyo hivyo. Memori mpya ni injini kubwa. Inasaidia kama tatizo ni injini. Kama tatizo ni kivuko, umetupa hela.

KISA CHA DUKA MOJA KATORO

Niwape mfano niliouona kwa macho. Kuna duka la jumla pale Katoro, jina kapuni. Wanauza mipira ya maji, pampu, nyundo, mifuko, vifaa vya karasha. Wachimbaji wengi wanachukua kwa mkopo, wanalipa wakiosha. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mzigo, dada wa kaunta lazima aangalie deni lake la zamani kwenye kompyuta.

Asubuhi foleni inafika barabarani. Bosi alishaamua kwamba tatizo ni yule dada. Akaniambia: "Huyu binti mzito, ananifukuzia wateja. Mwisho wa mwezi namtoa." Dada naye akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, mimi namba nimeshaandika. Kompyuta ndiyo inafikiria."

Fundi alishapita kabla. Aliongeza memori, akaweka indeksi kwenye safu ya simu, akachukua chake akaondoka. Foleni ikabaki vilevile. Fundi wa pili alikuwa ameshapiga bei ya seva mpya, na bei yenyewe si mchezo.

Tukachukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, tukakaa kaunta na kupima mteja mmoja baada ya mwingine. Kwa wastani mteja mmoja alitoka hivi:

- Kusalimiana na kuandika bidhaa: sekunde 40
- Kusubiri kompyuta ionyeshe deni: sekunde 66
- Kuhesabu pesa: sekunde 30
- Kuprinti risiti: sekunde 15

Jumla ni sekunde 151. Angalieni hizo namba vizuri. Kama bosi angenunua printa yenye kasi mara mbili, angeokoa sekunde 7 na nusu, yaani kama asilimia 5 ya muda wote. Kama angemfukuza dada akaleta mwingine anayeandika kwa kasi mara mbili, angeokoa sekunde 20 kwa makadirio mazuri kabisa. Lakini zile sekunde 66 ni zaidi ya asilimia 43, na hazina uhusiano wowote na vidole vya mtu. Kazi ya yule dada ilikuwa inakwenda na maji kwa sababu hakuna aliyeshika saa.

HATUA KWA HATUA

1. Andika malalamiko kwa maneno yanayopimika

"Mfumo uko slo" siyo malalamiko, ni manung'uniko. Malalamiko ni: "Nikibonyeza kitufe cha deni, saa tatu asubuhi, nasubiri sekunde 66." Kitufe gani, saa ngapi, sekunde ngapi. Bila hivyo hata ukirekebisha hutajua kama umerekebisha.

Mwaka 2003 Cary Millsap na Jeff Holt walitoa kitabu kuhusu kuongeza kasi ya databezi ya Oracle, na msingi wao ulikuwa huo huo: anza na kazi inayomuuma mtumiaji na yenye faida kwa biashara, pima muda wa kazi hiyo hiyo, kisha shughulikia sehemu iliyokula muda mwingi. Kabla ya hapo mafundi wengi walikuwa wanahangaika na asilimia na mishale ya mfumo mzima, huku mtumiaji bado anasubiri.

2. Iambie databezi iandike maswali yanayochelewa

MySQL ina kumbukumbu ya maswali ya polepole, inaitwa slow_query_log. Kwa kawaida inakuja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, kila swali linalozidi muda uliopanga linaandikwa kwenye faili. Muda wenyewe ni long_query_time na kawaida umewekwa sekunde 10. Ishushe hadi 1 au 2, la sivyo mengi yatakupita. Kwenye PostgreSQL unatumia log_min_duration_statement, au nyongeza inayoitwa pg_stat_statements ambayo inajumlisha swali lipi limekula muda gani kwa ujumla.

Jumla hiyo ni muhimu. Swali la sekunde 30 linaloulizwa mara moja kwa siku halina madhara kama swali la sekunde 2 linaloulizwa mara elfu moja.

Pale Katoro faili lilisema mambo mawili. Kwanza, swali la deni lilikuwa linachukua sekunde 22. Pili, programu ilikuwa inauliza swali lile lile mara 3 kwa kila mteja: akifunguliwa, akiongezwa bidhaa, na kabla ya risiti. Tatu mara 22 ni 66. Hesabu imekaa, hakuna cha virusi hapo.

3. Iulize databezi inafanyaje

Weka neno EXPLAIN mbele ya swali. Databezi haikupi jibu la swali, inakueleza njia itakayopita. Swali lenyewe lilikuwa hivi:

EXPLAIN SELECT SUM(deni) FROM mauzo WHERE simu LIKE '%754…';

Kwenye MySQL angalia safu tatu. Safu ya type ikiandika ALL, maana yake inasoma jedwali lote mstari kwa mstari. Safu ya key ikiandika NULL, hakuna indeksi iliyotumika. Safu ya rows ni makadirio ya mistari itakayopitiwa. Sisi tulikuta ALL, NULL, na karibu mistari 1,000,000.

Sasa mbona fundi aliweka indeksi na haikutumika? Jibu liko kwenye ile alama ya % mbele ya namba. Indeksi ni kama kamusi, imepangwa kuanzia herufi ya kwanza. Nikikwambia tafuta maneno yanayoanza na "ka" unafungua ukurasa wa K fasta. Nikikwambia tafuta maneno yote yanayoishia na "ka", kamusi haikusaidii, inabidi usome yote kuanzia A. Alama ya % mbele inaiambia databezi "sijui mwanzo wake", basi nayo inaiacha indeksi inasoma jedwali zima.

Na kwa nini aliyeandika programu aliweka %? Kwa sababu namba zetu zimeandikwa kila mtu na staili yake. Mmoja kaandika 0754, mwingine 255754, mwingine +255754 na nafasi katikati. Bila ile % mteja asingeonekana. Jamaa hakuwa mjinga, alikuwa anakwepa uchafu wa data.

4. Badilisha kitu kimoja, pima tena

Tuliongeza safu mpya inayobeba tarakimu 9 za mwisho tu, bila 0, bila 255, bila nafasi. Tukaiwekea indeksi. Swali likabadilika likawa WHERE simu_fupi = '754…'. Tukapima: chini ya sekunde moja. Ndipo, baada ya kupima, tukamwambia mwandishi wa programu aondoe yale marudio mawili ya swali.

Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja kisha mambo yakawa mazuri, hujui kipi kimesaidia. Na mojawapo huenda kimeharibu kitu kingine, utakuja kukigundua mwezi ujao.

HESABU YA NYUMA YA PAZIA

Msiniamini tu, hesabuni. MySQL ya kawaida inahifadhi data kwenye kurasa za KB 16. Mstari mmoja ukiwa na ukubwa wa baiti 160 hivi, ukurasa unabeba karibu mistari 100. Mistari 1,000,000 ni kurasa 10,000, ambazo ni kama MB 156. Kila mara bosi akitaka deni la mtu mmoja, kompyuta ilikuwa inapekua kurasa zote 10,000.

Indeksi ni kama mti. Unaanzia shinani, unafuata tawi, unafika kwenye jani. Kwa mistari 1,000,000 unapita ngazi 3 hivi, kisha unachota mistari ya mteja huyo peke yake. Kurasa kumi kadhaa badala ya 10,000. Ndiyo maana sekunde 22 ziliyeyuka.

Na ile memori mpya je? Kumbe MySQL ina kiwango chake cha memori ya kuwekea kurasa, kinaitwa innodb_buffer_pool_size, na kawaida kinakuja MB 128. Usipokibadilisha, ukaongeza memori hata ya GB 16, MySQL bado inajibana kwenye MB 128 zake. Jedwali la MB 156 halienei humo, kwa hiyo kila swali linarudi kwenye diski ya zamani. Fundi aliongeza nafasi kwenye ghala lakini hakumpa mtunza ghala ufunguo.

Tuwe wakweli: angeibadilisha ile namba, mambo yangepata nafuu. Lakini daftari la mauzo linakua kila siku, na kupekua lote ni kupekua lote. Ugonjwa ungerudi ukiwa mkubwa zaidi.

HATA DATABEZI YENYEWE INABAHATISHA

Hili wengi hawalijui. Databezi ikipewa swali inakadiria gharama za njia mbalimbali kisha inachagua iliyo nafuu. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake wa IBM kwenye mradi wa System R, na hadi leo databezi nyingi zinafuata mkondo huo.

Makadirio yanatoka kwenye takwimu ambazo databezi imejiwekea kuhusu majedwali yake. Chukua jedwali la wateja lenye safu ya mkoa. Duka likiwa Katoro, wateja karibu wote ni wa Geita, wachache wa Shinyanga, mmoja mmoja wa Lindi. Ukiuliza wa Lindi, indeksi inasaidia sana. Ukiuliza wa Geita, ni bora isome jedwali lote moja kwa moja, kwa sababu karibu kila ukurasa una mtu wa Geita. Kwa hiyo ukiona ALL kwenye EXPLAIN usikimbilie kulia, wakati mwingine ndiyo njia sahihi.

Shida inakuja takwimu zikipitwa na wakati. Kumbukeni mwaka 2012 mkoa wa Geita ulipoanzishwa: Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera, Geita yenyewe ikatoka Mwanza. Fikiria mtu kwenye databezi yake anahamisha maelfu ya mistari kutoka Shinyanga kwenda Geita usiku mmoja. Asubuhi data imebadilika, lakini databezi bado inaweza kuwa inaamini Geita ina watu sifuri. Itachagua njia mbovu kwa kujiamini kabisa. Dawa ni amri ya ANALYZE, inayoiambia databezi ihesabu upya. PostgreSQL huifanya yenyewe baada ya mabadiliko ya kutosha, lakini ukishapakia data nyingi kwa mkupuo, iendeshe mwenyewe usisubiri.

DAWA ZINA BEI

Msiseme basi tuweke indeksi kila safu. Kila indeksi lazima ibadilishwe unapoingiza mstari mpya. Ukiweka kumi, kila mauzo mapya yanaandikwa kwenye sehemu kumi na moja. Kusoma kunakwenda kasi, kuandika kunakokota.

Mfano mkubwa wa kupima faida na hasara ni DHIS2, programu inayobeba takwimu za MTUHA hapa kwetu. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuileta na kuiendeleza nchini. Inatumia PostgreSQL. Kujumlisha wagonjwa wa malaria wa kila zahanati kwa miaka kadhaa kutoka data ghafi, kila mtu anapofungua grafu, kungeua seva. Kwa hiyo inatengeneza majedwali ya pembeni ya uchambuzi yaliyokwisha kupangwa, kwa kawaida usiku, na grafu zinasoma humo. Bei yake ni kwamba takwimu ulizoingiza leo mchana unaweza usizione kwenye grafu mpaka majedwali yajengwe upya. Kwa ripoti ya mwezi hiyo siyo shida. Kwa salio la M-Pesa ingekuwa balaa.

Na mnaotafuta matokeo ya NECTA, angalieni anwani ya ukurasa wa shule. Kwa miaka mingi imekuwa ikiishia na .htm, yaani ukurasa wa shule nzima ni faili lililokwisha kuandikwa. Matokeo yakishatoka hayabadiliki kila dakika, basi hakuna haja ya kuisumbua databezi kwa kila mtahiniwa. Swali lenye kasi kuliko yote ni lile ambalo halijaulizwa.

TAHADHARI TATU

Kwanza, EXPLAIN peke yake ni salama, inaeleza tu. Lakini EXPLAIN ANALYZE inaliendesha swali kweli ili ipime muda. Kwenye PostgreSQL ukiiweka mbele ya DELETE, data inafutika kweli, siyo utani.

Pili, fanya majaribio kwenye nakala, lakini nakala iwe na ukubwa wa kweli. Jedwali la mistari 50 kila kitu kinakwenda kasi, halikufundishi lolote.

Tatu, lile faili la maswali ya polepole lina namba za simu za watu na wakati mwingine madeni yao. Usilibandike mtandaoni kuomba msaada kabla hujafuta taarifa hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na hata bila sheria, deni la mtu ni siri yake.

KWA UFUPI

Pima. Tafuta sehemu iliyokula muda mwingi. Uliza kwa nini. Badilisha kimoja. Pima tena. Malengo yakifikiwa, acha, usiendelee kuchokonoa.

Yule dada wa Katoro bado yuko kaunta, na seva mpya haikununuliwa.

Kama una programu inayokuzingua, andika hapo chini: kitufe gani, saa ngapi, sekunde ngapi, na EXPLAIN imesema nini (bila namba za watu, tafadhali). Ukiandika tu "iko slo", nitakuuliza swali moja: umepima?

Nawasilisha.